Nani Aliyewafukuza Mjini Ndege Waimbao?

Ndugu msikilizaji, sauti uliyoisikia mwanzoni mwa kipindi hiki si ya mtambo ulioharibika. Ni sauti ya kweche dume, akiwa juu ya bua la mpunga katika bonde la Cheju, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nyinyi mnaoyasoma haya gazetini mtaniwia radhi, kwani karatasi haina sauti. Chukueni kitana, mpitishe ukucha kwenye meno yake haraka haraka, na hamtakuwa mbali sana na ukweli.

Nieleze ilikuwaje nikafika Cheju alfajiri, mimi mtu wa mjini. Mwenzangu mmoja redioni aliniomba nimtafutie sauti ya ndege wa asubuhi, dakika moja tu, ya kufungulia kipindi. Nikaiona kazi rahisi. Nyumba ninayokaa ipo Mji Mkongwe, na juu yake kuna sehemu ya wazi ya kuanikia nguo. Nikapanda kabla ya alfajiri na kinasa sauti changu, nikakiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikanyamaza. Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari mwalimu wetu alikuwa akisema kwamba mwandishi anayenasa sauti za mahali lazima ajifanye ukuta. Basi nikajifanya ukuta kwa saa nzima.

Niliporudi chini kuisikiliza kazi yangu nilikuta adhana za misikiti mingi, kila mmoja nyuma kidogo ya mwenzake. Nikakuta vespa, kikohozi cha jirani na maji yakimwagwa uchochoroni. Na baada ya hapo kunguru. Kunguru mmoja, halafu kumi, halafu ikawa kama mkutano wa hadhara usio na mwenyekiti. Mara mbili tatu jurawa alilia kwenye pembe ya bati. Ndege mwingine wa kuimba, hata wa sekunde tano, sikumpata.

Asubuhi ile ile nikamwuliza bi mkubwa mmoja jirani yangu, mtu aliyezaliwa na kukulia mtaa huu. Akanambia, "Mwanangu, zamani chozi wakija mpaka hapa uani, kwenye mkomamanga. Unasikia tu tsi, tsi, tsi. Sasa hata mkomamanga hakuna." Nikamwuliza wamekwenda wapi. Akanyoosha kidole juu, kwenye mkungu uliojaa kunguru, asiseme neno.

Naona alinijibu sawasawa, na jibu lake linahitaji historia kidogo.

Kunguru huyu tunayemwona kila siku, mweusi mwenye shingo ya kijivu, si ndege wa visiwa hivi. Kwao ni India na nchi jirani zake. Aliletwa Unguja kwa makusudi katika miaka ya 1890, mwanzoni mwa utawala wa himaya ya Kiingereza, na kazi aliyoletewa ilikuwa moja: kula taka. Mji ulikuwa mchafu, gari za kuzolea taka hazikutosha, na kuna mtu aliyefikiri kwamba mfagizi asiyelipwa mshahara ndiye bora. Kufika mwaka 1917 wakubwa wale wale walikuwa wamekwisha kumwona msumbufu, na watu wakaruhusiwa kumwua. Lakini alikuwa amekwisha kuzoea. Kutoka hapa na kwa meli za bandari nyingine akaenea pwani nzima ya Afrika Mashariki. Watu wa Dar es Salaam mpaka leo wanamwita kunguru wa Zanzibar, nasi hatuna la kujitetea.

Kosa la mpango ule lilikuwa dogo tu kimawazo. Walidhani ndege anayekula taka anakula taka peke yake. Kunguru hula chochote: utumbo wa samaki, mabaki ya chipsi ya Forodhani, vifaranga vya kuku, mayai ya mjusi, na zaidi ya yote mayai na makinda ya ndege wadogo. Tena ana akili. Hukaa juu ya waya kimya akimwangalia ndege mdogo anavyobeba majani, anahesabu anaingia kichaka gani, anaondoka zake, na baada ya siku kadhaa anarudi pamoja na wenzake mayai yakiwa tayari. Ndege mdogo anaweza kutaga tena, na tena. Lakini kama kila mara anaibiwa, basi ndege wakubwa wanazeeka na wadogo hawapo. Mtaa hauhamwi kwa siku moja. Unanyamaza polepole, na wakaao ndani yake wanazoea, mpaka mtu wa redio apande juu na kinasa sauti.

Sasa tufuatane Cheju.

Cheju ni bonde la mpunga, kusini ya kati ya Unguja, si mbali na msitu wa Jozani. Nilifika kukiwa bado na umande. Mpunga ulikuwa umeanza kutunga, punje zikiwa bado maziwa. Hapo ndipo nilipoona rangi ambazo mjini nilikuwa nimezisahau. Juu ya kila mabua machache alikaa kweche dume, mwekundu kama kaa la moto kichwani na mgongoni, mweusi tumboni. Ndege huyu ana heshima yake katika vitabu. Mtaalamu wa Marekani, John Cassin, ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1848, na kwa Kiingereza anaitwa kwa jina la Zanzibar mpaka leo, ingawa anapatikana pia kuanzia pwani ya Kenya hadi Msumbiji. Tunaimba majina ya karafuu na milango, lakini huyu naye ni balozi wetu, na wengi wetu hatumjui.

Hatumjui kwa sababu kwa sehemu kubwa ya mwaka hana rangi. Mvua zikiisha na majani yakikauka, dume huziacha zile nguo nyekundu, anaota manyoya ya kahawia yenye michirizi, akawa sawa na jike lake, nao wote wakawa sawa na jurawa aliyetoka vumbini. Mkulima anaweza kumwona mwezi mmoja akadhani ni ndege mbali, na miezi mitano baadaye akadhani ni mwingine. Mvua zikirudi na nyasi zikirefuka, rangi nazo hurudi. Wekundu ule unatokana na chakula: mwili wa ndege huchukua rangi zilizomo katika mbegu na wadudu anaowala, ukazigeuza na kuzitia kwenye manyoya. Kwa hiyo dume aliyekolea ni dume aliyekula vizuri asiye na maradhi, na jike anaisoma rangi hiyo kama sisi tunavyosoma cheti.

Akimwona jike anapita, kweche hujitutumua mpaka akawa mviringo, akaruka taratibu juu ya mpunga huku mbawa zikipiga kwa kelele, mfano wa yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Ana wake kadhaa kwa msimu mmoja. Anamfumia kila mmoja kiota chepesi katikati ya mabua, mke anakitandika ndani mwenyewe, anatamia mwenyewe na kulea mwenyewe. Bwana kazi yake ni kukaa juu ya bua na kuimba kwamba hapa ni kwake. Kinamama wa bonde lile walicheka sana nilipowaeleza haya. Mmoja akasema hapana haja ya kwenda kwa ndege kuyaona.

Pembeni ya bonde, penye matete na maji yaliyotuama, kulikuwa na mnana. Huyu ni wa manjano kama embe bivu, na jicho lake jekundu. Naye ni fundi. Dume huanza na kitanzi kimoja tu cha majani mabichi, akakifunga kwenye tete kwa mdomo na mguu, akasimama ndani yake na kuanza kufuma kuelekea mbele, urefu wa shingo yake ndio kipimo chake. Majani lazima yawe mabichi, kwa sababu makavu hayakubali kupindwa. Akimaliza ananing'inia mlangoni, anapiga mbawa na kuita. Jike anakuja, anaingia, anavuta huku na huku kama mnunuzi wa kitanda. Akiona hakifai anaondoka zake. Kiota kikikaa siku nyingi bila mke, kikakauka na kugeuka rangi, dume mwenyewe hukifumua na kuanza upya.

Je, ufundi huu anazaliwa nao? Mtu na mkewe kutoka Marekani, Nicholas na Elsie Collias, waliwachunguza kwa miaka mingi ndege wa ukoo huu. Walikuta kwamba dume mchanga aliyenyimwa majani ya kuchezea tangu utotoni, akija kupewa ukubwani hufuma vibaya, na majani humwanguka. Hamu ya kufuma anazaliwa nayo, lakini mkono anaupata kwa kuharibu viota vingi kwanza. Mzee yeyote anayesuka makuti au ukili atakuelezeni jambo hilo hilo.

Na kuna jambo jingine juu ya ndege wa ukoo huu lililonipendeza. Kuna ndege mjanja wa jamii ya kekeo, mwenye kijani king'aavu mgongoni, ambaye hajengi. Anatega mwenye kiota ametoka, anaingia na kutaga yai lake, akamwachia mwenzake kazi ya kulea. Kwa baadhi ya ndege hawa wafumaji, jike hujikinga kwa namna ya ajabu: mayai ya kila jike yana rangi na madoa yake, meupe kwa huyu, ya samawati kwa yule, yenye vitone kwa mwingine, na mwenyewe hutaga ya aina ile ile maisha yake yote. Akikuta lisilo lake analitupa nje. Ni kama kila mmoja na kanga yake; anaijua hata ikianikwa kamba moja na za majirani.

Chozi nilimwona mwisho, kwenye maua ya mgomba kando ya njia. Rangi yake si kama ya kweche. Ukichukua unyoya wa chozi ukausaga hupati kijani wala zambarau, unapata unga mweusi tu. Ile rangi inatokana na jinsi unyoya wenyewe ulivyoumbwa kwa matabaka membamba yanayorudisha mwanga, kama mafuta ya petroli yanavyofanya rangi juu ya dimbwi. Ndiyo maana akigeuka kidogo anazimika, na akigeuka tena anawaka. Kule Pemba wana chozi wao asiyepatikana kwengine kokote duniani, na siku moja, inshaallah, nitakwenda kumtafuta na kinasa sauti.

Basi kwa nini hawa wako Cheju na si Mji Mkongwe? Sababu moja ni nyasi na maji, hilo ni wazi. Lakini angalia pia mahali wanapojenga. Bua la mpunga na ncha ya tete haviwezi kumbeba kunguru mzito. Akijaribu kutua, linainama na kumtupa majini. Mkomamanga wa bi mkubwa ulikuwa na matawi ya kutosha kwa chozi na kwa kunguru pia. Na huku bondeni hakuna mabaki ya chipsi ya kumfuga kunguru mwaka mzima.

Lakini nisije nikawapeni picha ya pepo. Ndege wa Cheju wana adui mwingine, naye ni mwenye mpunga. Kweche, mnana na wenzao wadogo hula punje zikiwa maziwa, huzifyonza, na shuke linabaki limesimama tupu. Hawa si kwelea kwelea wa bara, ambao huja kwa mamilioni na hunyunyiziwa sumu kwa ndege za serikali. Ni wachache, lakini shamba nalo ni dogo. Sisi watu wa visiwa hivi tunakula wali kila siku na sehemu kubwa ya mchele tunaagiza kutoka nje. Kila shuke lina thamani kwa aliyelilima.

Kwa hiyo watu huamia. Nilimkuta bi mkubwa mmoja juu ya dungu lake la miti, na debe, na teo ya kutupia mawe. Alikuwa pale tangu kabla ya jua, na atakuwa pale mpaka magharibi, kila siku, kwa wiki kadhaa. Pamoja naye alikuwa mjukuu wake wa kiume, na siku hiyo ilikuwa siku ya skuli. Nikamwuliza juu ya hilo kwa adabu. Akasema, "Wanangu wote wako mjini. Mimi nikishuka kusali, nani anaamia?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ni rahisi mno kwa mtu wa mjini kumwambia ampende kweche.

Juu ya mpunga walikuwa wametandaza utepe mwembamba wa kahawia, kutoka kijiti hadi kijiti. Upepo ukipita utepe ule unavuma na kung'aa, na ndege wanaogopa. Nilipousogelea nikaona ni mkanda wa kaseti za zamani. Nikasimama nikijiuliza ni nani aliyekuwa akiimba humo ndani. Inawezekana ilikuwa taarabu, inawezekana mawaidha, na Mungu anajua, labda ni kazi ya mmoja wetu wa redio. Wenyewe wananambia unasaidia siku chache tu. Ndege wakishazoea hutua juu yake.

Narudi kwa kunguru, kwani hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mimi nikiwa mtoto wa skuli ya msingi, kulifanyika kazi kubwa Unguja ya kuwapunguza kunguru, kwa msaada wa Finland. Walitumia mitego, na walitumia sumu inayokwenda polepole, ambayo ndege anaila hapa na kufa baadaye mbali. Nakumbuka tulivyokatazwa kuwagusa waliokufa, nasi tukiwagusa kwa vijiti. Nakumbuka pia mama akisema kwamba mwaka ule, kwa mara ya kwanza, kuku wake alitotoa na vifaranga vyote vikakua. Walipungua kweli. Halafu fedha za msaada zikaisha katikati ya miaka ile, kazi ikasimama, na waliobaki wakaendelea kuzaana kama kawaida yao. Dar es Salaam nao wamepiga vita hiyo hiyo miaka mingi. Kenya, mwaka 2024, shirika lao la wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja wa pwani.

Milioni moja! Kunguru milioni moja wanakula nini kila siku? Wanakula tunachotupa. Idadi yao ni kipimo cha jaa letu, hawawezi kuzidi chakula chao. Ukiua nusu yao na jaa likabaki vile vile, wale waliobaki wanapata sahani mbili kila mmoja, na makinda yao yanakua yote. Sina ubaya na sumu wala mitego, maana bila hiyo hawapungui. Ila naona ajabu kwamba mwaka 1890 na kitu tuliletewa ndege kwa sababu taka hazizolewi, na leo nikipita Darajani jioni, au nyuma ya hoteli fulani ambayo sitaitaja, napita juu ya zile zile taka zikingoja zile zile gari, na yule mfagizi wa bure bado yupo kazini.

Kuna mitaa miwili mitatu ya Ng'ambo ambako nimeona mambo tofauti. Pipa lina kifuniko, na kifuniko kinafungwa. Anayekaanga samaki anafukia matumbo badala ya kuyarusha juu ya paa la jirani. Kunguru wapo, lakini wanapita tu. Juma lililopita, katika mtaa mmoja wa namna hiyo, nilimsikia chozi kwenye ua la mwenyewe, mwenye nyumba akaniona nimesimama mlangoni kwake nikiwa nimenyoosha kinasa sauti, na akaniuliza kama nimetumwa na kodi.

Sauti ile ya chozi haikufaa kwa kipindi, kwa sababu ya kicheko cha mwenye nyumba na swali lake. Ndiyo maana mumesikia ya kweche wa Cheju. Na mkiisikiliza vizuri, nyuma yake kwa mbali kuna debe linapigwa, na sauti ya mtoto akipiga ukelele wa kufukuza ndege. Fundi mitambo wetu alitaka kuikata. Nikamwomba aiache.

Juma lijalo, Mungu akitujaalia, tutazungumzia maji ya mifereji. Kwa leo naishia hapa.